Zitapita Tatu

Ndani ya basi, mzee wa kiti cha dirishani aliitambua sare ya fundi wa ndege za jeshi, akamgeukia mwanamke aliyeivaa. "Mwanangu, kesho kwenye gwaride zitapita ndege nne, sivyo? Wajukuu zangu hawali wala hawalali kwa kuzisubiri."

"Tatu, baba. Ya nne ina ufa kwenye bawa. Nimekataa kuitia saini ya kuruka, ndiyo maana mkuu wa kikosi ananiita."

"Ufa tu! Ndege hizo zinaruka tangu sijaoa."

"Basi zimechoka, na hiyo zaidi. Kwenda moja kwa moja inaweza, kona kali ya gwaride haiwezi tena."

"Watakufukuza."

"Wanifukuze. Rubani ana mtoto wa miezi miwili."

"Ila nne hupendeza," mzee alishikilia.

"Zikirudi nne, baba."

Basi likasimama mbele ya lango la kambi. Fundi akachomekea shati, akashuka.