Nilivyoionea Wivu Mashine ya Kulinda Seva

Ndugu zangu, naomba nizungumze nikiwa nimesimama. Nikikaa nitajisikia vizuri, na nikijisikia vizuri nitaanza kupunguza mambo. Mwenyekiti ameniambia nisitaje jina la mtu, nami nitatii, isipokuwa la mwenye kosa. Huyo ni mimi, Baba Kendi, mnayenijua kwa zile makala ndefu kwenye jarida letu la kanisa. Najua wanaozisoma ni wawili, mimi na mhariri, na mhariri huruka aya.

Wengine mnajua nafanya kazi hospitalini. Nashughulikia kompyuta. Sisemi zile ndogo mnazoziona mezani kwa daktari. Nasema zile kubwa zilizofungiwa kwenye chumba chenye baridi, tunazoziita seva. Humo ndimo zinakaa faili za wagonjwa, majibu ya maabara na orodha za dawa. Seva ikianguka, daktari anatazama skrini tupu, nesi anatafuta karatasi, na mgonjwa anaambiwa asubiri.

Kwa miaka kumi na minne, zilipoanguka aliitwa mtu mmoja. "Mwiteni Baba Kendi!" Sijui kama kuna maneno matamu kuliko hayo. Nilitembea polepole makusudi kwenye korido ndefu, watu wakinipisha. Nilizima hiki, nikawasha kile. Mnisamehe kwa kutoa siri ya fundi, lakini mara nyingi ni kuzima na kuwasha tu. Kompyuta zikirudi, inakuja chai. Wodi ya wazazi waliniwekea nduma, yale magimbi ya kuchemsha. Maabara waliniwekea ndizi. Mzee mmoja wa famasi alinishika kwa mikono miwili kana kwamba nimemtoa mtoto wake mtoni.

Nilidhani wananipenda. Sikujiuliza hata siku moja kwa nini fundi hodari anaitwa mara tatu kwa wiki.

Ndipo akaajiriwa mwenzangu. Ni mwanamke wa rika langu, mzaliwa wa Kiritiri, msemaji wa maneno machache. Wiki ya kwanza aliketi karibu yangu na daftari.

"Baba Kendi, kabla seva haijaanguka, huwa inafanya nini?"

"Huwa inafanya kazi, mama."

"Hapana. Kabla kidogo tu. Mbuzi kabla hajafa huacha kula. Seva nayo huacha nini?"

Nilicheka. Nilikwenda kuwasimulia watu wa famasi kwamba tumeletewa daktari wa mbuzi. Wakacheka nami. Yeye hakucheka, alikuwa anaandika.

Baada ya mwezi aliweka programu ya kuzilinda. Kila dakika inazizungukia seva zote na vifaa vya mtandao, ikiviuliza: uko hai? Umejaa? Una joto? Jibu likiwa baya, inatuma ujumbe kwenye simu zetu sisi wawili, na kwenye skrini ya ukutani taa ya kijani inageuka manjano kabla mambo hayajawa mekundu. Makosa madogo inayatengeneza yenyewe. Huduma ikikwama, inaizima na kuiwasha. Mmesikia? Inazima na kuwasha! Kazi yangu ya miaka kumi na minne, na haihitaji hata chai.

Simu yangu ikanyamaza. Wiki moja, wiki ya pili, mwezi. Nilipita wodi ya wazazi saa ya chai, kama kwa bahati.

"Aaai, Baba Kendi!" mkunga mkuu akasema. "Umepotea. Kwani ulihamishwa?"

"Niko. Kuna tatizo lolote?"

"Hakuna. Mashine ziko sawa kabisa."

Ndugu zangu, nawaambia, mtu anaweza kuchomwa na neno "sawa." Na juu ya sahani iliyofunikwa kitambaa niliiona nduma. Nikaketi. Akaniambia, kwa upole, "Hiyo ni ya mwenzako. Alipita asubuhi kuangalia waya."

Nilirudi ofisini. Tangu siku hiyo nikawa mtu wa kutazama ile skrini. Wengine hutazama mpira; mimi nilitazama taa za kijani nikiziombea mabaya. Nikaanza kutafuta makosa yake. Nikakuta anaandika zile jumbe za tahadhari kwa Kiswahili: "Seva ya maabara inachoka." "Diski inakaribia kushiba." Nikamwambia seva hazichoki na diski hazishibi. Akasema, "Sawa, Baba Kendi, nitabadilisha," lakini watu wa maabara wakakataa, walikuwa wanazipenda. Hapo ndipo wivu uliponivua nguo. Mimi nimesoma chuo kikuu, nimeandika makala kwa miaka, na sijawahi kumfanya mtu asimame akasoma. Huyu anaandika maneno manne na hospitali nzima inainua vichwa.

Nyumbani nilikuwa mkali. Kendi wangu akiuliza kama mtandao wa nyumbani uko sawa, namjibu, "Iulize mashine."

Sasa nifike pale nisipotaka kufika.

Ijumaa moja, saa nne asubuhi, ujumbe ukaja. Diski ya seva ya wagonjwa imejaa asilimia themanini na tano. Mwenzangu alikuwa na ruhusa, amekwenda kwao Kiritiri, na huko chini mawasiliano hukatika. Ujumbe wa kwanza haukumfikia. Nilikuwa na dakika kumi za kazi mbele yangu: kufuta vitu vya zamani, basi. Nikapiga hesabu. Kwa mwendo ule diski ingejaa Jumatatu asubuhi, wakati wajumbe wa bodi wanatembelea hospitali. Nikajiona kwenye korido. Nikajisikia naitwa.

Programu ile ina mahali unapoweza kuiambia inyamaze kuhusu seva fulani, kama unaifanyia matengenezo. Nikaiambia inyamaze siku nne. Kwenye sehemu ya sababu nikaandika "matengenezo." Nilikuwa kama mtu anayemfungua mbuzi wa jirani gizani ili kesho apewe shukrani kwa kumrudisha. Kisha nikapanda gari kwenda kwetu Laare, ambako tulikuwa na mazungumzo ya mahari ya binti wa kaka yangu.

Nilisahau jambo moja, ambalo hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hasahau. Kila Jumamosi saa tano asubuhi seva ile hujinakili yenyewe, na nakala hukaa kwanza kwenye diski ileile. Haikungoja Jumatatu. Ilijaa Jumamosi kabla ya saa sita mchana, ikaanguka.

Nanyi mnajua wazee wetu wa Laare. Mkiketi kuzungumzia mahari, simu zote hukusanywa ndani ya kiondo, kile kikapu cha kusuka, akapewa nyanya mmoja, bibi wa ukoo, akilinde karibu na mlango, ili mtu asiwapelekee upande wa pili siri za ndani. Simu yangu ililia humo mara kumi na tisa. Baadaye nyanya aliniambia, "Kiondo kilikuwa kinatetemeka kama kina kuku." Mimi wakati huo nilikuwa natoa hotuba kuhusu uaminifu katika ndoa.

Hospitalini, kwenye wodi ya wazazi, kulikuwa na mama aliyekuwa anavuja damu. Nasema mapema ili msipate presha: yeye na mtoto wako hai. Damu yake ilikuwa imepimwa kundi tangu asubuhi, lakini majibu yalikuwa ndani ya seva, na seva ilikuwa imekufa. Ikabidi achomwe sindano tena, apimwe tena, na nesi akimbie na kikaratasi kutoka maabara hadi wodini. Mume wake alikaa kwenye benchi akiwatazama watu wanaokimbia bila kumwambia kitu. Mwenzangu, alipopatikana, alikuja na bodaboda kutoka Kiritiri, vumbi hadi kwenye nyusi, akaifufua seva.

Mliniuliza kwa nini Jumapili ile sikuonekana kanisani. Nilikuwa kwenye chumba cha seva, nikifuta, kabla mwenzangu hajaikagua programu. Niliondoa ule ukimya niliouweka, nikafuta na kumbukumbu yake, pamoja na ya ule ujumbe wa Ijumaa. Hakuna mtu duniani ambaye angeweza kujua.

Jumatatu tukaitwa kwa mkubwa wetu. Hakuniangalia mimi.

"Mama, hiyo mashine yako ya kulinda ilikuwa wapi?"

"Sijui, mkubwa. Mimi sikupata ujumbe, na kumbukumbu haionyeshi kitu. Labda nilikosea kuiweka."

"Labda?"

"Nilikosea."

Akageuka kwangu. "Baba Kendi, wewe ni mtu wa zamani hapa. Unaonaje? Tuing'oe turudi kwa utaratibu wetu wa kwanza? Na mkataba wa huyu unaisha mwezi ujao."

Ndugu zangu, utaratibu wa kwanza nilikuwa mimi! Kila nilichokitamani kwa miezi minane kiliwekwa mbele yangu kama sahani ya nduma. Nikasema, "Tulifikirie kidogo," kwa sauti ya mtu mwenye hekima. Mkubwa akatupa muda mpaka kesho.

Tulipotoka nje mwenzangu akanishika mkono wa shati. "Baba Kendi, nisaidie kutafuta kosa langu. Wewe umezijua hizi seva miaka mingi. Utaona nisichokiona."

Miezi minane nilikuwa nangoja kuitwa. Nikawa nimeitwa.

Nikaketi naye siku nzima. Alikuwa ameandika kwenye daftari orodha ya makosa anayodhani alifanya. "Labda nilisahau kuweka diski kwenye orodha." Akaangalia, hakusahau. Akakata mstari. "Labda kikomo kilikuwa juu mno." Hakikuwa. Akakata. Aliandika kurasa tatu za "labda," na nilimsaidia kuzikata moja moja, kwa subira kubwa, kama mwalimu. Saa tisa akafunga daftari akasema anakwenda wodi ya wazazi. Nikamfuata, sijui kwa nini. Nikamkuta amesimama mbele ya mkunga mkuu, kichwa chini, akisema, "Mnisamehe, mama. Ni mimi. Mashine haikuona, na mimi ndiye niliyeiweka."

Mkunga akaendelea kukunja shuka.

Kuna watu hapa hutoa ushuhuda kwamba walisikia sauti. Mimi sikusikia kitu. Niliona tu lile shuka likikunjwa bila jibu, na nikajua kwamba mwanamke huyu atakwenda kaburini akitafuta kosa ambalo halipo. Nikasema, pale pale mlangoni, "Iliona. Ni mimi niliyeinyamazisha."

Mwenzangu akageuka. "Ulinyamazisha lini?"

"Ijumaa. Saa nne na dakika kumi."

"Kwa hivyo iliona diski?"

"Iliona. Ilituma ujumbe. Nilifuta."

Akafumba macho. "Asante Mungu, iliona," akasema. Nilidhani amenisamehe. Akafumbua. "Sasa ondoka mbele yangu, Baba Kendi, kabla sijakufanyia kitu katika wodi ya wagonjwa."

Mkunga naye alinena hatimaye. Alinionyesha benchi. "Kaa hapo mpaka saa kumi na mbili. Usizungumze na mtu." Nikakaa palipokaa yule mume. Kwa saa tatu nzima watu walipita mbio na hakuna aliyeniambia kitu.

Kesho yake nilimweleza mkubwa wetu yote; mkataba wa mwenzangu ukaongezwa, nami nikasimamishwa kazi miezi mitatu. Mke wangu alisikiliza habari yote akiwa anachambua maharagwe, kisha akauliza, "Kwa hivyo wanaume wengine wanaona wivu kwa wanaume, na wako ni kwa kompyuta?" Akacheka hadi maharagwe yakamwagika. Halafu akalia. Kisha akaniambia niende nikapogoe kahawa.

Nawashukuru ninyi. Watatu kati yenu mlikuja shambani kila Alhamisi na mapanga yenu, mkapogoa nami, na hamkunihubiria hata mara moja. Mmoja alisema tu, "Tawi hili lako baya sana," nikadhani ananisema, kumbe alikuwa anasema tawi. Namshukuru mkunga kwa lile benchi. Na mama yule aliyevuja damu, nilikwenda kwao na mume wake akanifungulia mlango, akanisikiliza, akafunga. Namshukuru kwa kusikiliza.

Nilichojifunza ni hiki. Mtu anayezima moto hupigiwa makofi. Anayefagia majani makavu kila asubuhi, hakuna anayejua jina lake. Ukiona mtu ambaye mambo yake hayaharibiki, usiseme ana bahati, na usipite ukitafuta ufa. Mpelekee chai.

Ningependa kusema wivu umekwisha. Haujaisha. Hospitali sasa inatafuta mkuu wa kitengo chetu, atakayesimamia na zahanati zake zote. Mwenzangu ameomba. Inatakiwa barua ya mtu aliyefanya kazi naye, na juzi alikuja kwenye meza yangu.

"Mbona mimi?" nikamuuliza.

"Kwa sababu hakuna aliyetafuta makosa yangu kuliko wewe," akasema. "Ukiandika hukuyapata, wataamini."

Nimeiandika. Nimeandika ukweli, na kila neno lilinigharimu. Akipata kazi hiyo atakuwa mkubwa wangu, nami nitamwambia "ndiyo, mama" hadi nistaafu. Barua ni hii hapa, iko mfukoni kwangu tangu Jumatano. Ofisi ya hospitali inafungwa leo saa saba, na leo ndiyo siku ya mwisho ya kupokea barua.

Mwenyekiti, sitaki maombi marefu leo. Naomba watu wawili wanisindikize mpaka pale kwenye dirisha la ofisi, mmoja kila upande. Na msiniache niifungue njiani.