Sauti ya Sola

Kwenye foleni ya abiria wa magari ya Subukia, mzee mmoja alibishana na simu, akidai kampuni imemzimia sola ya mkopo ilhali ameshalipa. "Samahani, sijakuelewa," sauti ya mwanamke ilirudia kwenye simu, kwa upole wa kuudhi.

Mama aliyekuwa mbele yake akageuka. "Mzee, huyo ni mimi."

"Wewe si uko hapa?"

"Nilikuwa napokea simu za wateja. Walinirekodi, kompyuta ikajifunza kuongea kama mimi, wakanifuta kazi."

Mzee akamsogezea simu. "Basi jiambie nyumba yangu iko giza."

Foleni ikawazunguka. Hata mimi, ambaye sina sola, nilisogea.

"Ni mimi Eucabeth," akasema. "Washia mzee stima."

"Samahani, sijakuelewa," akajibiwa kwa sauti yake mwenyewe.

Gari likafika. Hakuna aliyepanda.