Sista Kitanda Kitupu na Tepe Thelathini na Saba

Tarehe 30 mwezi huu, saa tisa na nusu alasiri, muuguzi kiongozi wa kliniki yetu ya mama na mtoto atavua koti lake jeupe na kustaafu, baada ya utumishi wa miaka thelathini na miwili, miezi minne na siku kumi na moja. Hesabu hiyo ni sahihi. Mimi ndiye karani wa masjala, faili lake ninalo mezani, na nimehesabu mara mbili kwa sababu najua akiona kosa atanirudishia ukurasa huu mbele ya wageni.

Alianza kama muuguzi msaidizi katika wodi ya wazazi, akahamia chumba cha chanjo, kisha akakabidhiwa kliniki nzima: mizani, benchi nne, friji lenye kelele na foleni ya kina mama isiyokwisha. Katika miaka yote hiyo amechelewa kazini mara mbili. Mara ya kwanza alikuwa anajifungua. Mara ya pili anashikilia kwamba saa ya ukutani ndiyo iliyokuwa mbele, na kwa kuwa mume wake ni fundi saa, hakuna aliyethubutu kubisha.

Wengi wenu mnamfahamu kama Sista Kitanda Kitupu, na jina hilo hakulipata kwa upendeleo. Kwake yeye mtoto mchanga hulala chali, juu ya godoro gumu lenye shuka lililobana vizuri, na kitandani hakuna kingine: si mto, si mdoli, si blanketi la ziada, si kamba. Aliwahi kuingia duka la samani kununua kabati. Alitoka bila kabati, ila muuzaji alikuwa ameshaondoa mito yote kwenye vitanda vya watoto vilivyopangwa dirishani. Shemeji yetu fundi saa husema hata mito ya sebuleni kwao hukaa kwa wasiwasi.

Lakini jambo ninalotaka lisomwe leo, mwenyewe akiwa amekaa kiti cha mbele, ni habari ya tepe.

Mwaka wake wa kumi na nne kazini, kila Jumatano kina mama walileta lalamiko lilelile. Mtoto analazwa na nyonyo ya bandia, ile ya mpira anayonyonya ili atulie. Akipitiwa na usingizi inadondoka, akishtuka haioni, analia, na mama anaanza kupapasa uvunguni. Saa moja baadaye, yaleyale. Walikuwa hoi. Mmoja alisinzia kwenye benchi, akaitwa, akakurupuka na kumpeleka kwenye mizani mtoto wa jirani yake.

Sista ni hodari wa cherehani. Alishona tepe za rangi, ncha moja ya kufungia nyonyo, nyingine yenye kibanio cha kushika nguo ya mtoto, ili nyonyo isipotee tena. Aligawa thelathini na saba, kila mmoja ukaandikwa kwenye daftari. Kina mama walishangilia, na mganga mkuu wa wakati huo akamwandikia barua ya pongezi.

Wiki tatu baadaye alikwenda kumtembelea nyumbani mtoto aliyekuwa amepata chanjo. Ilikuwa saa nane mchana, mama yuko uani anafua, mtoto amelala chumbani. Utepe ulikuwa umejizungusha mara mbili kwenye kiganja, vidole vimevimba, na sehemu iliyobaki imepita juu ya shingo. Sista aliukata kwa mkasi wa begini. Mtoto hata hakuamka. Hakupata jeraha la kudumu, na mama yake alikuwa tayari kucheka yaishe. Sista hakucheka. Alikaa chini sakafuni kando ya kitanda, mkasi bado mkononi, akimtazama mtoto akipumua.

Mganga mkuu aliona tangazo ubaoni lingetosha, tena bila kutia chumvi, isije kliniki ikaharibiwa jina. Sista alimwambia kwa heshima zote kwamba tangazo halifungui kibanio. Akachukua daftari, na kwa siku kumi na moja, kila akitoka kazini, alipita nyumba kwa nyumba. Katika kila mlango alisema maneno yaleyale: nilikupa hiki, nilikosea, naomba unirudishie. Kuna waliodhani anataka kumpa mtu mwingine. Kuna mama mkwe mmoja aliyempasha mlangoni mpaka majirani wakatoka kusikiliza. Alisimama, akasikiliza hadi mwisho, akanyoosha mkono kupokea utepe.

Alikusanya thelathini na sita. Wa thelathini na saba ulikuwa nyumbani kwangu.

Nilikuwa na binti wa miezi minane na mume dereva wa malori asiyeonekana nyumbani wiki nzima. Kabla ya utepe niliamshwa mara saba kila usiku, na baada yake mara mbili tu. Kwa hiyo Sista alipofika nilimwambia, bila kupepesa macho, kwamba ule utepe ulishapotea zamani. Sijamaliza sentensi, binti yangu akatoka chumbani akitambaa, utepe unaburuzika nyuma yake.

Nilitamani sakafu inimeze. Sista hakunigombeza. Aliomba kuona kitanda cha mtoto, akaondoa mto, blanketi mbili na sungura wa kitambaa, kisha akaniuliza kama nina alasiri tatu za kumpa.

Alizitumia zote mkekani na mwanangu. Alinikataza kumtia nyonyo mdomoni mchana. Nimwekee kiganjani, apeleke mwenyewe. Kisha niiweke karibu yake, aitafute. Binti akaona ni mchezo. Alipoumudu, Sista akaagiza nyonyo nne ziachwe kitandani, hazina kamba wala mdoli, mahali mikono yake inapofika. Akishalala ikidondoka, nisiirudishe. Na kwa kina mama wenye vichanga visivyojua kushika kitu, alisema kweli bila kuipamba: mtoto akilia utaamka umrudishie, utachoka, lakini usimfunge kamba.

Asubuhi moja ya wiki iliyofuata niliamka jua limeshaingia chumbani, nikakimbilia kitanda cha mtoto. Alikuwa amelala chali, nyonyo moja mdomoni na nyingine mkononi. Nilimpelekea Sista utepe siku hiyohiyo.

Tangu hapo somo hilo limefundishwa hapa kila Jumatano, na wauguzi wa kliniki nyingine wameletwa kujifunza. Kila mara huanza na kosa lake mwenyewe. Tumemsihi aruke sehemu hiyo, hasikii. Mle failini, nyuma ya barua ya pongezi, kuna barua aliyoiandika kwa mkono wake kueleza alichokosea, na aliniagiza nizibane pamoja, zisitenganishwe. Kila mwaka alinitaka nitazame kadi za watoto wale thelathini na saba, mpaka wa mwisho alipotimiza miaka mitano. Wote walitimiza. Siku nilipomletea jibu hilo alikwenda chumba cha chanjo akafunga mlango, na tulimwacha alie.

Sista, kliniki nzima inakushukuru, na tunajivunia kusema tumefanya kazi nawe. Tunakuombea afya, utulivu na asubuhi ndefu zisizo na foleni. Nami nakushukuru peke yangu. Nilikudanganya mlangoni kwangu, ukaingia hivyohivyo. Binti yangu amemaliza shule mwaka huu kwa sababu wewe hukuona aibu kusema umekosea.