Mvua ya Miaka Arobaini

Mvua ilianza mara tu basi lilipoondoka. Mbele yangu walikaa nesi wa makamo na kijana fundi simu, ambaye macho yake hayakubanduka kwenye simu yake mwenyewe.

"Mimi sisubiri miaka sitini, mama," alisema kijana. "Nikifika arobaini, vyumba vyangu vya kupangisha vitanilisha. Naacha kazi."

Nesi alikuwa amebakiza mwaka mmoja apate pensheni, na aliitaja kama mtu anavyomtaja mchumba aliye safarini. "Mimi nimeisubiri yangu, na ni ya uhakika. Vyumba huhamwa, mwanangu. Na ukishaacha kazi, utafanya nini?"

Kijana alifikiri mpaka kituo kilichofuata. "Nitakaa dirishani na chai yangu, nitazame mvua mpaka ikatike. Bila mtu kuniuliza simu yake iko wapi."

"Hata mimi," nesi akasema taratibu. "Hivyo hivyo."

Akapangusa ukungu kwenye kioo kwa kiganja. Kijana akainua macho.

"Kumbe inanyesha," akasema.

Wakaitazama. Basi liliposimama mwisho wa njia, konda alituita mara mbili. Hakuna aliyeinuka, hata mimi niliyekuwa nimeshachelewa kazini.