Tikiti Zima la Kuonja

Shikamooni wazee, wenzangu, habari za mchana. Mwenyekiti kanipa dakika kumi, nimemuuliza mara mbili kama ni kumi kweli. Nitazitumia zote, kwa sababu aliyesema kikao kilichopita kwamba sie tusio na kazi tunachagua sana yumo humu, na simtaji.

Mie nimesomea kutengeneza programu za kompyuta. Laptop yangu ilitoka sokoni Tandale: mama anauza matikiti, akamwachia mwingine kizimba chake kwa pesa ili niipate, akahamia chini na turubai, pembeni ya mtaro. Akasema nikipata kazi nimrudishe juu.

Nikaanza kutafuta mtandaoni. Ndugu zangu, nawaambia, kule hakuna anayekujua wala anayetaka kukujua. Nilituma maombi mia moja arobaini na mawili. Nilipohesabu tena yakawa mia moja arobaini na moja, moja nilituma mara mbili. Walionijibu wanne. Wawili walikuwa mashine, wa tatu alitaka uzoefu wa miaka mitano kwa nafasi ya mwanafunzi. Wa nne akanitaka.

Akaandika kwa adabu kwamba nimefika hatua ya mwisho. Limebaki jaribio: niwatengenezee mfumo wa stoo na mauzo ya duka la vifaa vya ujenzi, mzima, unaofanya kazi, waone uwezo wangu. Mama akauliza kama wanalipa. Nikasema ni mtihani.

"Sokoni mtu anaonja kipande," akasema. "Akimaliza tikiti, huyo kala."

Nikamjibu kwamba kompyuta si matikiti. Jibu hilo nalitubu mbele yenu.

Wiki tatu nikamaliza, nikatuma, wakasema wamepokea. Halafu kimya. Simu haipatikani, tangazo limefutwa. Waungwana wale sina neno zuri juu yao, na sitalitafuta. Miezi ikapita sijagusa laptop. Mwisho nikaipatia mteja Kimara; tulikuwa tunagombania chaja tu, ije nayo au ibaki. Ikiondoka, kizimba cha mama kimeenda bure.

Siku ya kuipeleka nikapitia duka la vifaa vya ujenzi kununua kitasa, mlango wetu ulikuwa unafungwaga kwa kamba. Nikapewa risiti. Chini kabisa imeandikwa: Hesabu tena kabla hujaondoka.

Ndivyo mama anavyowaambia wateja wake. Na niliyeyaweka maneno hayo kwenye ule mfumo wa jaribio ni mie.

Nikauliza mfumo wameutoa wapi. Akaitwa mwenye duka, mtu mzima, akadhani nimetumwa na waliomuuzia. Nilipokea matusi ya kampuni nzima. Bidhaa ikirudishwa hesabu inaharibika, misumari inasoma chini ya sifuri, na wao hawapokei simu.

"Shikamoo mzee," nikasema. "Niliyeutengeneza ni mie. Na mie wameniibia."

"Kila mwizi ana hadithi, binti. Thibitisha."

Kosa nilikuwa nalijua, nililiacha kwa haraka ya kutuma. Nikafungua laptop palepale juu ya kaunta, nikarekebisha hesabu ya saruji peke yake. Wakajaribu kurudisha mfuko mmoja, hesabu ikakaa sawa. Wakarudia, ikakaa.

"Haya, malizia na vilivyobaki."

Nikaifunga laptop. "Hicho kilikuwa cha kuonja, mzee."

Akacheka kwa pua. "Mama yako anauza nini?"

"Matikiti."

Tukapatana bei hadi adhana ya alasiri. Sikugusa misumari mpaka karatasi iliposainiwa, na niliisoma mara mbili. Leo naangalia mfumo wa duka lile na maduka mengine mawili ya jamaa zake. Mteja wa laptop bado ananinunia.

Namshukuru jirani aliyeniazima intaneti mwaka mzima bila kuniuliza naombea kazi gani. Nawashukuru nyie mlionisikiliza, na mliocheka pia, nimewaona. Anayekutaka kazini kipande kinamtosha. Akikununia kwa sababu hukumpa zima, muache, huyo alikuwa na njaa tu.

Mama amerudi kizimbani. Siku ya kwanza nilikwenda, nikachukua kipande cha kuonja. Nilipogusa cha pili akanishika mkono, akauliza nanunua au sinunui.