Mabel Nampunju, Aliyedai Kuambiwa Mwenyewe

Mabel Isaka Nampunju, ambaye wengi mlimwita Mama Witness, alizaliwa tarehe 14 Machi 1971 kijijini Chilangala, wilaya ya Newala, mtoto wa kwanza wa Katekista Isaka na Mama Selestina. Surua ilimpofusha akiwa na miaka minne. Msimu wa korosho Baba alimwachia kazi ya kuchambua, kwa kuwa vidole vyake havikupitisha korosho mbovu. Jirani aliyemtania kwa kuchanganya mbovu katika fungu alirudishiwa mkononi: "Hii yako, Baba Kurwa. Usiisahau."

Alisoma nukta nundu Masasi, katika shule ya bweni iliyopokea watoto wasioona, kisha ualimu. Tangu mwaka 1995 alifundisha watoto wasioona mjini Masasi, hadi maradhi yalipomtoa darasani. Tarehe 6 Desemba 1997 alifunga ndoa na Joel, mkulima wa Lupaso, aliyetangulia mbele ya haki mwaka 2016.

Kamati ya mazishi ilinitaka mimi, mdogo wake, niandike kwamba marehemu aliugua kwa muda mfupi. Siandiki hivyo, kwa sababu si kweli. Aprili 2023 vidole vile vile viligusa uvimbe katika titi lake la kushoto. Alisindikizwa hospitali na shemeji yake, Bwana Arthur, aliyeketi hapa mbele. Majibu yalipotoka, daktari hakusema na mgonjwa; alimwita msindikizaji pembeni. Bwana Arthur akarudi na kumwambia, "Mama Witness, ni jipu tu la ndani." Wazee wa ukoo wa mumewe wakakubaliana kuwa kipofu asiongezewe mzigo. Mwalimu, mjane aliyelea watoto wawili, akameza vidonge vya jipu kwa miezi saba. Hatimaye alikwenda kliniki peke yake, na muuguzi akamwuliza, "Mama, mbona hukurudi kuanza tiba ya saratani?"

"Saratani ya nani, mwanangu?"

Ilikuwa imekwisha kufika mapafuni.

Tangu juzi nasikia hapa msibani kwamba yalifanyika kwa upendo. Upendo unaomnyima mtu habari za mwili wake mwenyewe una jina jingine, na waliouonyesha wanalijua.

Marehemu hakupoteza nguvu kwa kulumbana nao. Aliwakusanya wanawake wasioona wa Masasi na Newala, akawafundisha kujipima matiti kwa vidole, na akaweka sharti moja: asiyeona asindikizwe na asiyeona mwenzake, mwenye macho abaki getini. Siku ya majibu ya Rahima wa Newala, daktari aliuliza msindikizaji yuko wapi.

"Ni mimi," akasema Mabel.

"Lakini mama, wewe pia huoni."

"Ndiyo, daktari. Kwa hiyo leo hakuna wa kumnong'oneza. Mwambie mwenyewe."

Rahima aliambiwa siku hiyo hiyo, akawahi tiba, na leo yupo hapa kumzika aliyemsindikiza.

Mabel alifariki nyumbani kwake Masasi alfajiri ya Jumapili, tarehe 9 Novemba 2025. Alikuwa amepanga kumsindikiza Faidha, mwanakikundi mwenzake, ambaye majibu yake yanatoka Jumatatu ijayo. Kaka zake Faidha, mmekuja kuzika pamoja nasi, tunashukuru, lakini jana, maiti ikiwa ndani, mlikuwa mkiulizana nani aende naye "akazungumze na daktari." Kaeni nyumbani. Rahima atakwenda.

Marehemu ameacha mama, Selestina, watoto, Witness na Anderson, mjukuu, Gift, mimi mdogo wake, Julia, na wanawake wa kikundi chake, ambao kamati imewaketisha nyuma ya turubai pamoja na masufuria. Nao ni wafiwa. Ninaomba waletwe mbele kabla jeneza halijashushwa, na waliokalia viti hivi vya mbele wajue wenyewe pa kwenda.

Dada, amani uliyonyimwa ukiwa hai uipate sasa. Jumatatu Faidha ataambiwa mwenyewe.