Hatua ya Tatu ni Jumapili

Kijiwe chetu kipo kwenye kona, ukuta wa kanisa upande mmoja na kibanda changu cha kushona viatu upande wa pili. Benchi ni langu, nililiunda kwa mbao za kitanda kibovu, lakini wanaolikalia hawajawahi kuniomba ruhusa wala kuniletea kiatu. Yupo Kocha, ambaye hakuna timu inayomkumbuka. Yupo Wakili, aliyebeba mafaili mahakamani miaka minne akatoka na ulimi wa hakimu. Na yupo Mama Birika, anayetuuzia kahawa akiwa kwenye kigoda chake na kutusikiliza bila kutoza ziada. Ijumaa moja, saa kumi alasiri, akaja Katibu wa kanisa, mtu mpole wa kalamu mbili mfukoni. Alikaa pembeni akanywa kikombe cha kwanza bila kupuliza, tukajua yamemfika.

Alichotueleza ni hiki. Mchungaji alikwenda semina ya siku tatu ya kuongoza wafanyakazi wa kanisa kwa misingi ya Kikristo, akarudi na faili la bluu. Tangu hapo barua za onyo zimepigwa marufuku, ati ni mambo ya kiwandani. Mfanyakazi akikosea anaendewa kwa hatua tatu, kama Maandiko yanavyoagiza: kwanza aonywe na mtu mmoja faraghani, akikaidi, waende wawili au watatu, akikaidi tena, aletwe mbele ya kanisa zima. Wa kwanza kuingia kwenye faili ni Funguo, mhudumu anayefungua milango, kufagia na kupanga viti, mwaka wa tisa sasa. Mara tatu amechelewa kufungua, na mara ya tatu ilikuwa siku ya harusi. Bibi harusi alisimama juani dakika arobaini mpaka poda ikamchuruzika. Hatua mbili zimeshapita. Jumapili ni ya tatu, kisha kazi basi, na chumba cha nyuma ya kanisa anachokaa na mkewe akirudishe. Atakayesoma tamko hilo mbele ya watu ni Katibu.

— Sasa naomba ushauri, ndugu zangu, Katibu akasema. Nilisome vipi ili liwe la Kikristo?

Kumwuliza Kocha ushauri ni kumwonyesha mlevi ilipo baa, lakini Katibu maji alishayavulia nguo.

— Kanisa ni timu, Kocha akaanza. Mchezaji akichelewa uwanjani humfukuzi, unamweka benchi. Samaki mkunje angali mbichi.

— Funguo ana miaka hamsini na minane, Wakili akasema.

— Ndiyo maana nasema tusikimbilie. Haraka haraka haina baraka.

Nikamwambia hiyo ndiyo methali aliyokuwa akiifuata Funguo siku ya harusi.

Wakili akakohoa, akaweka kikombe chini kama anayefungua kikao. Kwa maelezo yake, jambo la kwanza ni kujua hadhi ya mshtakiwa. Je, Funguo ni mwajiriwa au ni kondoo? Kama ni kondoo, mchungaji hafukuzi kondoo, anamtafuta. Kama ni mwajiriwa, kwa nini walimwendea na maombi?

— Ni vyote viwili, Katibu akasema. Tulimwajiri, na tulimbatiza humo humo.

— Basi ni kondoo mwenye mkataba. Hapo sheria iko kimya.

Katibu akatoa kalamu akayaandika hayo. Mimi nikaanza kuogopa.

Kocha hakukubali kuachwa nyuma. Akauliza kama siyo Bwana mwenyewe aliyewaosha wanafunzi miguu. Kama ndivyo, kiongozi ndiye anayetakiwa kufanya kazi za chini. Kwa hiyo Jumapili Mchungaji afagie na kufungua milango, na Funguo apande mimbarini ahubiri.

— Atahubiri nini? Katibu akauliza.

— Atachelewa kuanza, ila atamaliza mapema. Waumini watampenda.

Wakili akasema hayo ni mambo ya mpira, yeye anataka kesi iliyotangulia, naye anayo. Yule mwanafunzi aliyeshika mfuko wa wenzake alijulikana kuwa mwizi, na bado hakufukuzwa. Aliondoka mwenyewe. Kisheria, basi, mfanyakazi wa kanisa hafukuzwi, anasubiriwa.

— Anasubiriwa mpaka lini? Katibu akauliza.

— Mvumilivu hula mbivu, Wakili akajibu, na hakuna aliyejua ni nani anayekula wala nini kimeiva.

Kocha akapanda juu zaidi. Kwa mujibu wa imani, alisema, asiye na hatia ndiye aliyebeba adhabu ya wenye hatia. Kwa hiyo watafute hapo kanisani mfanyakazi asiye na kosa hata moja, wamfukuze yeye. Sote tukamtazama Katibu.

— Mimi nina makosa, Katibu akasema haraka.

Nami nikaingia, maana mdomo wangu haujui likizo. Nikapendekeza Funguo afukuzwe asubuhi kwa haki na arudishwe jioni kwa msamaha. Nilidhani natania. Katibu akaniuliza iwe saa ngapi jioni.

Hapo ndipo Mama Birika, aliyekuwa akisuuza vikombe, aliponyanyua uso.

— Kwani baba wa watu alisemaje alipoambiwa?

Katibu akavua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena.

— Hatua ya kwanza nilikwenda mimi, akasema. Faili linataka uanze kwa kumshukuru mfanyakazi.

Alikwenda akamkuta Funguo anagongomea mguu wa kiti. Wakaomba, kisha akamshukuru kwa miaka tisa. Funguo akaweka nyundo chini, akasema tangu aanze kazi hakuna aliyewahi kumwambia ahsante, akalia. Katibu naye akalia. Kwaya ikaja kutaka kufunguliwa mlango, wakaagana.

— Na kosa? Mama Birika akauliza.

— Kosa halikupata nafasi.

Hatua ya pili alikwenda na wazee wawili wa kanisa. Katibu akamwachia mzee mkubwa aseme, kwa heshima. Mzee mkubwa alidhani maneno yameshasemwa, wao wamekuja kuongeza uzito tu. Yule mdogo hawezi kusema mbele ya mkubwa. Mke wa Funguo akawatengea chai, nao wakaona mguu wake umevimba, wakauombea huo mguu kwa muda mrefu. Wakatoka wakiwa wamebarikiwa.

— Halafu ukaandika nini kwenye faili? nikamwuliza.

— Niliandika hatua imekamilika. Pana mahali panauliza kama ametubu. Nikaandika hapana.

— Atubu nini?

— Ndiyo hapo, Katibu akasema.

Nilishikwa na hasira, na hasira yenyewe sikujua nimpe nani. Katibu si mtu mbaya. Mchungaji si mtu mbaya, amewahi kumbeba mgonjwa mgongoni mpaka hospitali. Wazee walikwenda kuonya, wakaishia kuombea mguu. Wote wema, na kwa wema huo wameandika kwamba mtu mmoja ni mkaidi.

— Na anachelewa kwa nini? Mama Birika akauliza tena.

Hakuna aliyewahi kumwuliza. Kocha akasema pengine ni usingizi, Wakili akasema pengine ni dhamira ovu, mimi nikasema pengine ni ule mguu wa mkewe, lakini nilikuwa nabahatisha kama wao.

— Mwendee sasa hivi ukamwambie, Mama Birika akasema.

— Akimwambia sasa tunarudi hatua ya kwanza, Wakili akadakia, na hatua ya kwanza imeshatiwa saini. Maji yakimwagika hayazoleki.

— Maji gani? Mtu yuko nyuma ya ukuta huu.

Katibu akainuka. Nilimwona amekaza shingo, nikasema kimoyomoyo, afadhali. Akapiga hatua mbili, akageuka, akauliza kama aanze tena kwa kumshukuru. Kocha akasema ndiyo, Wakili akasema la, mkataba wa kushukuru umeshatimizwa. Katibu akarudi akakaa ili wakubaliane kwanza.

Bado hawajakubaliana, lango la kanisa likafunguka akatoka Funguo mwenyewe, kipande cha penseli sikioni, vumbi mpaka kwenye kope. Akatusalimu mmoja mmoja, akamwuliza hata Kocha hali ya goti lake.

— Katibu, nimekutafuta ofisini, akasema. Mchungaji ameniagiza Jumapili niweke kiti kimoja mbele, karibu na mimbari, kitazame watu. Hakuniambia ni cha nani.

Kocha akainama kufunga kamba za viatu, na alikuwa amevaa ndala. Wakili akawa anasoma tangazo la kukodisha chumba lililobandikwa ukutani tangu mwaka juzi.

— Ninavyo vya plastiki, Funguo akaendelea, na kuna kimoja cha mbao, cha mikono. Nataka tu kujua, huyo mgeni ni mtu mzima? Kama ni mtu mzima nitampa cha mikono, aegemee vizuri.

Katibu akafungua mdomo. Mama Birika akamtazama, nami nikamtazama. Katibu akaninyooshea kikombe mimi, kana kwamba mimi ndiye muuza kahawa.

Funguo akasubiri jibu kwa adabu, amesimama, kwa kuwa katika watu wanne tuliojaa kwenye lile benchi hakuna aliyekumbuka kusogea ili akae.